Malisho ya Norwe, Malisho ya Uswidi

Nyumbani kwetu Isiolo, Norwe na Uswidi zilizungumzwa kila siku jinsi nyumba nyingine zinavyozungumzia mvua. Kaka yangu mkubwa anaishi Norwe. Mdogo wangu, kitinda mimba, anaishi Uswidi. Mimi ni wa katikati, binti pekee, na ninaishi hapa hapa karibu na Chechelesi, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupiga simu kuuliza maisha yakoje.

Wageni wa Mama walikuwa wakija kunywa chai na kubishana. Kulikuwa na jirani aliyeshikilia kwamba Norwe ndiyo bora, kwa sababu binamu yake mgonjwa alipewa na serikali kiti kinachojiendesha chenyewe. Mwingine alikuwa wa Uswidi damu damu, kwa kuwa mpwa wake alijifungua akakaa nyumbani miezi mingi huku akilipwa, halafu mume naye akapewa likizo ya kubadilisha nepi, jambo lililowachekesha akina mama wale mpaka wakafuta machozi. Mama alinyamaza kwa raha zake. Yeye alikuwa na mtoto kila upande, kwa hiyo timu yoyote ikishinda alikuwa ameshinda.

Mimi nilikuwa nikiwamiminia chai. Katika miaka yote ya ubishi ule hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi ningependa Norwe au Uswidi.

Ninauza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi mitungi hushuka kutoka Kulamawe juu ya lori, nami hufungua kifuniko kimoja kimoja, nanusa, naonja, kisha naamua yapi yanafaa kwenda Nairobi na yapi yarudi kwa mwenyewe. Watu husema nina ulimi mkali. Ni kweli. Ukikaa miaka ishirini ukiwaambia watu wazima usoni kwamba wametia maji kwenye maziwa, ulimi haubaki laini.

Marehemu baba alikuwa mtu wa malori. Babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza, akaachwa hapa na kiwanja na koti la sufu, na tangu hapo ukoo mzima umekuwa wa kupakia na kupakua. Mama ni wa upande mwingine kabisa. Alizaliwa nyuma ya ngamia, huko upande wa Kulamawe, na baba yake ndiye aliyekuwa akitumwa sahan.

Sahan kwetu Wasomali ni mtu anayetangulia. Kabla familia haijahamisha wanyama, mwanamume mmoja mwenye akili hutumwa mbele. Hutembea siku kadhaa, anakagua majani, anakagua maji, anaangalia ni nani amefika hapo kabla yake na kama ana nia nzuri. Kisha anarudi. Akirudi hupewa maziwa kwanza, na hakuna anayemuuliza neno mpaka amalize kunywa. Baada ya hapo maswali yanaanza, na mwenye kujibu huanza na mabaya. Mazuri husemwa mwisho, kama yapo. Mama hupenda kusimulia jinsi baba yake alivyowahi kurudi safari moja, akanywa maziwa, akafuta mdomo, akasema, "Tukienda huko tutazika watoto," akaenda kulala. Hawakwenda.

Mwaka juzi Mama alianza kumimina chai nje ya kikombe. Mwanzoni tulicheka, naye akacheka. Halafu siku moja akausalimia mlango akidhani ni mimi, na hatukucheka tena. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, la kulia linakwenda njia hiyo hiyo. Dawa ya matone ingechelewesha, haingerudisha.

"Nina muda gani?" Mama akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia lori linaondoka saa ngapi.

"Mama, siwezi sema kwa uhakika. Mwaka. Labda kidogo zaidi."

 Tulipofika nyumbani Mama alikaa kitandani bila kuvua buibui, akasema, "Nataka kuona watoto ya ndugu zako. Si kwa simu. Kwa simu uso yao ni kidogo kama ukucha."

Wajukuu wake ni watano. Watatu wa Norwe, wawili wa Uswidi. Hajawahi kumshika hata mmoja. Mimi Mungu hakunijalia, kwa hiyo hakuna wa karibu wa kumpoza.

Mjini kuna bwana anayejaza fomu za ubalozi. Nilimwendea. Aliniambia jambo lenyewe si gumu kama watu wanavyolifanya. Mzee akienda kutembelea watoto kwa miezi mitatu, kinachotakiwa kwanza ni barua ya mwaliko kutoka kwa mtoto mmoja, aonyeshe ana nyumba na ana kazi. Mengine yeye angeyajaza. Barua moja tu. Nilirudi nyumbani nikikimbia kama msichana, nikamwambia Mama, "Chagua. Norwe au Uswidi?"

Mtu mwingine angesema popote. Mama yangu akasema hawezi kuhamia mahali hajapata habari zake.

"Si kuhama, Hooyo. Ni miezi tatu."

"Mtu asiyeona akienda mahali, iko siku anaweza kufia huko. Lazima nijue." Akapapasa mkeka, akakaa vizuri. "Mimi niko na sahan wawili. Walienda zamani. Sasa nitawauliza."

Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikachora mstari katikati. Kushoto niliandika Norwe, kulia Uswidi. Mama hajui kusoma, lakini alitaka maneno yakae mahali. Nakumbuka nilifurahi sana siku ile. Nilidhani ni mchezo wa mama mzee, na kwamba mwisho wa mchezo kungekuwa na ndege.

Kaka mkubwa alipatikana Jumapili. Tuliweka simu juu ya stuli katikati yetu.

"Salaam aleikum, Hooyo."

"Waleikum salaam. Umekunywa kitu?"

"Kitu gani?"

"Kunywa kwanza. Nina maswali."

Akacheka, akasema ana kahawa mkononi. Mama akamsubiri. Alimsubiri kweli, mpaka akasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Haya. Anza na mabaya."

Naye akaanza, na alikuwa na mabaya ya kutosha. Alisema theluji ikishuka inayeyuka kidogo kisha inaganda njiani kama kioo, na wazee huanguka wakavunja nyonga. Jua la miezi ya baridi likitoka ni la kuonja tu. Chakula ni ghali kiasi kwamba watu wa mji wake huwasha gari Jumamosi, wakavuka mpaka kwenda kununua nyama Uswidi.

"Nyama mnatoa kwa mdogo wako?"

"Si kwake, Hooyo. Kwa nchi yake. Huko vitu ni rahisi. Na Wasomali ni wengi, wako na misikiti, wazee wanakaa pamoja wanakunywa shaah mpaka jioni. Hapa utakaa pekee yako, mimi niko kazini. Walaahi mimi ningekuwa wewe, ningeenda Uswidi."

Niliandika yote. Mama aliuliza kuhusu maji, akaambiwa ni matamu, yanatoka mferejini bila kukatika. Akauliza kuhusu majirani. Kisha akauliza swali ambalo baadaye aliniambia baba yake alikuwa akiulizwa kila aliporudi, kwa namna yake.

"Ukianguka ndani ya nyumba, jirani atajua baada ya muda gani?"

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. 

"Jirani yangu sijui jina yake, Hooyo," akasema.

Mama akaitikia taratibu, akamwombea dua ndefu, simu ikakatwa. Alionekana ameridhika. Alisema sahan huyu ameanza na mabaya kama inavyotakiwa, hakumficha kitu.

Mdogo wangu tulimpata katikati ya juma. Huyu ni mcheshi, tangu utotoni maneno yake yana miguu. Alipoambiwa anywe kitu kwanza alijibu kwamba amekunywa maziwa ya ngamia ya unga yaliyotoka Ujerumani, Mungu amsamehe. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema, "Mabaya."

"Mabaya ya hapa? Utachoka kusikia, Hooyo." Alisema mtaa anaokaa vijana hupigana risasi, na mkewe hufunga mapazia kabla ya magharibi. Nyumba za kupanga zina foleni ya miaka. Ukiumwa unapiga simu, unaambiwa unywe maji upumzike. "Lakini Norwe! Hao wako na mafuta. Serikali yao haijui ifanye nini na hiyo mali. Mshahara ni mkubwa, bahari ni safi, mlango mtu anaacha wazi. Kaka amepata, walaahi. Norwe ni kama hapa, lakini wameipaka siagi. Enda kwake."

"Kupe wako?" Mama akauliza. Hilo nalo ni swali la mfugaji.

"Wako! Kwa nyasi ndefu. Wanaleta ugonjwa mpaka ya kichwa."

"Hata Ulaya?" Mama akanigeukia, uso umechangamka, kana kwamba Ulaya hatimaye imekuwa mahali pa kweli. "Andika kupe."

Nikaandika kupe.

Swali la kuanguka ndani ya nyumba alilijibu haraka. "Hapa? Harufu ndiyo itamwambia jirani." Akacheka peke yake. Upande wetu hakuna aliyecheka, na alipogundua hilo akasema ana zamu, akaaga.

Jioni ile Mama aliniambia nimsomee kalenda. Nilianza na Norwe. Nikasoma mishahara mikubwa, bahari safi, mlango wazi.

"Hiyo nani alisema?"

"Mdogo."

"Mabaya ya Norwe?"

Nikasoma barafu, jua la kuonja, upweke.

"Nani alisema?"

"Kaka."

"Soma Uswidi."

Nikasoma nyama rahisi, misikiti, wazee wanaokunywa chai. Kaka alisema. Nikasoma risasi, mapazia, foleni, kupe. Nikafika hapo nikaishusha kalenda, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeona. Ukiacha yale maji ya kaka, kila zuri lililoandikwa kwenye ile kalenda lilikuwa limesemwa na mtu asiyeishi hapo.

Mama alikaa akipangusa mkeka kwa kiganja, kama mtu anayeondoa makombo. "Wakati ya kiangazi," akasema, "tulikuwa tunakutana na mtu anatoka malishoni, tunamuuliza. Anasema, huku hakuna kitu, endeni upande ya Kipsing, huko ndiko kumenyesha. Tunaenda. Tunapata watu ya Kipsing, wanasema, hapa hakuna kitu, rudini Kulamawe, huko ndiko kumenyesha. Wote hawa hawakuwa na shida ya macho. Walikuwa wanaona majani. Hawakutaka sisi tufike."

"Hooyo, labda wanaogopa tu baridi itakuumiza."

"Labda," akasema. Aliniacha nimdanganye.

Nilishindwa kuvumilia. Kesho yake, nikiwa kwenye duka la maziwa kabla wateja hawajajaa, nilimpigia kaka mkubwa na nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu baba alipokufa. Lazima nilieleze hilo, kwa kuwa ndiyo sababu ndugu zangu wawili hawasemezani. Baba alipofariki, kaka hakuja kwa sababu alidhani mdogo angekuja. Mdogo hakuja kwa sababu alidhani kaka angekuja. Sisi huzika siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri ndege, lakini tulitarajia mtu wa kukaa matanga. Tulikaa mimi na Mama. Baadaye kila mmoja akamlaumu mwenzake kwa maneno mazito, wakafungiana simu, na mpaka leo nchi mbili zinazopakana zimewashinda kuvuka.

Nilimwuliza kaka kama anataka kurudia yale yale. Nilimwita mwoga. Nilimwuliza ni mwanamume wa namna gani anayemwogopa mama kipofu. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "sina nyumba."

Alikuwa ameachana na mkewe. Miaka miwili ilikuwa imepita. Anapanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu, jiko wanashirikiana watu wanne. Watoto anawachukua Jumamosi moja baada ya nyingine, anawazungusha madukani wapate joto, anawanunulia viazi vya kukaanga, jioni anawarudisha kwa mama yao. Zile picha alizokuwa akitutumia, sebule yenye zulia jekundu, zilikuwa za zamani. Alikuwa akizirudia.

"Nitamkaribisha wapi? Kwa hiyo kitanda yangu moja?"

"Mwambie ukweli. Atakuelewa."

"Usimwambie. Nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie. Mwambie huyo mdogo ndiye aandike. Yeye ako na bibi, ako na nyumba."

Hasira yangu ilikatika katikati kama umeme, nikabaki nimeshika simu. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia. Hasira ilikuwa imenikaa vizuri zaidi.

Kwa hiyo nikamgeukia mdogo. Huyu hakukiri kitu. Alisema, "Subiri kidogo, Abaayo, mambo haijakaa sawa." Nikasubiri mwezi. Nikapiga, akasema barua ameianza. Nikasubiri mwezi mwingine. Akasema mkewe ana mitihani. Halafu akaacha kupokea, akawa anatuma ujumbe wa sauti siku ya Ijumaa, dua ya kumwombea mama shifaa, amesoma kwa sauti nzuri kabisa, maana alihifadhi Kurani vizuri alipokuwa mdogo. Sijui mpaka leo tatizo lake lilikuwa nini. Labda ni mke. Labda naye ana chumba chake asichotaka kionekane. Nimefikiria sababu nyingi za kumtetea, na kila moja inanichosha kabla sijaimaliza.

Wakati huo jicho la kulia lilikuwa likienda. Mama aliacha kwenda sokoni. Aliacha kuchagua mchele. Alikuwa akiniuliza jua limefika wapi, nami nikimwambia. Yule bwana wa fomu aliniuliza mara mbili barua iko wapi, mara ya tatu hakuuliza, akaniamkia tu akapita. Wageni wa chai nao walipungua. Habari za nje huwa tamu zikiwa mbali, na kwetu zilikuwa zimesogea karibu mno.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, Mama alisema nimpigie kaka mkubwa. Nilidhani anataka kumsalimia.

"Nimechagua," akamwambia. "Nitaenda kwa mdogo wako. Huko Uswidi."

Pumzi aliyoishusha kaka ilisikika mpaka kwangu. "Alhamdulillahi, Hooyo. Umechagua vizuri. Huko ni pazuri kuliko hapa."

Mama akamwombea, akakata. Akasema sasa yule mwingine. Kwa bahati siku hiyo mdogo alipokea.

"Nimechagua," Mama akamwambia. "Nitaenda kwa kaka yako. Norwe."

"Maashallah! Si nilikuambia? Wako na mafuta hao. Utafurahi, Hooyo."

Hakuna aliyeuliza lini. Hakuna aliyeuliza nani atampeleka uwanja wa ndege, wala nani atampokea, mama wa miaka ile asiyeona, asiyejua kusoma. Mama aliirudisha simu mkononi mwangu kwa kupapasa.

Nilimfokea. Sijivunii hilo. Nilimwuliza kwa nini anawaacha watoke kirahisi namna hiyo, kwa nini asiwabane, kwa nini mimi nimebeba yote hapa na wao wanabebewa hata uongo wao.

"Nimechoka kusikia wakiogopa," akasema. "Kila nikiwapigia, wanaogopa mimi. Mimi ni mama yao, na wanaona jina yangu kwa simu wanashtuka. Wacha wapumzike."

"Na macho yako?"

"Macho ni ya Mungu."

Huwa nasikia watu wakisema maneno hayo na ninajua wamepata utulivu. Mama hakuwa amepata utulivu. Alisema hivyo kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kusema.

Idi ilipofika alikuwa amebakiwa na mwanga tu, kama mtu anayetazama akiwa amejifunika shuka. Nilikuwa nimekaa barazani nikikata nyama, yeye kando yangu akimenya vitunguu saumu kwa vidole, kazi aliyokataa kunyang'anywa. Simu yake ikalia. Ni namba ile ile aliyokuwa nayo miaka yote, na namba ya WhatsApp haisemi mwenyewe yuko wapi. Alikuwa kaka mkubwa, sauti tu, bila picha.

"Idi mubarak, Hooyo. Ulishafika kwake?"

Kisu kilinisimama mkononi. Mama hakusita hata kidogo.

"Nilifika."

"Lini?"

"Mwezi iliyoisha."

"Na kukoje?"

"Ni pazuri vile ulisema," Mama akasema. "Nyama ni rahisi. Wasomali ni wengi, tunakaa pamoja tunakunywa shaah. Baridi iko, lakini ndani ya nyumba ni joto. Bibi yake ananiangalia vizuri. Nyasi ndefu siendi, kwa sababu ya kupe."

Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza. Kwanza msikiti wa nyuma yetu, spika imeelekezwa moja kwa moja kwetu, na mwadhini ni yule yule mzee mwenye sauti ya kukwaruza ambaye ameadhini tangu tukiwa watoto. Kaka yangu alisomea chuo cha Kurani chini ya sauti ile. Alichapwa viboko chini ya sauti ile. Kisha msikiti wa pili ukadakia, wa tatu ukachelewa kama kawaida yake, na mbuzi wa jirani akaona naye aseme. Nilinyoosha mkono niifunike simu. Mama akaushika mkono wangu, akautuliza kwenye goti lake.

Adhana ikiita, watu hunyamaza. Mama alinyamaza, midomo ikiitikia. Kule kwenye simu kaka naye alinyamaza. Hakukata. Alisikiliza mpaka neno la mwisho la msikiti wa mwisho, na nikamsikia akivuta kamasi.

"Msikiti iko karibu na nyumba," akasema.

"Iko karibu."

"Nilikuambia, Hooyo. Uswidi ni bora."

"Uliniambia."

 Kisha kaka akasema, haraka haraka, kama anayekimbilia kitu kabla hakijaanguka, "Basi Jumamosi nitaleta watoto wakuone. Kutoka kwangu mpaka hapo si mbali. Ni gari tu."

"Walete," Mama akasema. "Uwavalishe vizuri, baridi isiwaingie."

Alipokata nilimwambia Mama kaka amejua. Nilimwambia amesikia mwadhini, amesikia mpaka mbuzi, si mjinga. Mama akasema anajua kwamba amejua. Akaniuliza kama nyama imetosha kwa wageni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natoka kwenda kupokea mitungi. Mama akaniita chumbani kwake, akaniomba nimtolee dera lake jipya na nimchane nywele. Nilisimama pale nikiwa na hasira, na sikujua ni hasira juu ya nani. Nilitaka kumwambia hakuna mtu anayekuja. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, mikono mapajani, uso ameuelekeza ukutani akidhani ndiko mlango uliko. Nikamchana nywele. Nikamvisha dera. Kisha nikamshika mabega nikamgeuza kidogo, akaelekea mlangoni.